Vitufe Kumi na Vinne Nilivyovificha

Jamani, kabla hamjanipiga mawe, acheni niwakumbushe tulipofikia, maana wiki hii nina habari mpaka zinanitoka puani.

Mwenzenu nilipata kazi. Kampuni ya watu tisa, hapa hapa Porto, tunatengeneza programu za simu. Mteja wetu mkubwa ni duka la dawa lenye matawi nchi nzima, na sheria mpya ya Ulaya ilikuwa inaanza tarehe ishirini na nane Juni. Programu ya kuuzia watu vitu lazima itumike na kila mtu: asiyeona, asiyesikia, anayetetemeka mikono. Wakaguzi wakatukuta na makosa mia mbili na kumi na manne.

Kazi yenyewe mnajua nilivyoipata. Nilijisifu kwenye usaili. "Nimelelewa na mama wa ubatizo asiyeona. Haya mambo nayajua kama sala." Wakanichukua palepale.

Na mnajua nilivyoifanya. Hélder, mtunga programu wetu, alikwenda likizo akaniachia yale makosa kumi na manne ya mwisho, yaliyomshinda mwenyewe. Vitufe kumi na vinne visivyo na majina. Anayeona anaona picha ya kikapu, alama ya kujumlisha, alama ya tiki. Asiyeona anategemea ile sauti ya simu inayomsomea skrini, nayo ilikuwa inamwambia "kitufe" basi. Kitufe, kitufe, kitufe.

Kuvipa majina kulinishinda. Nikigusa kimoja, vitatu vinaharibika. Ndipo nikagundua mstari mmoja, mfupi kama dhambi, unaoiambia simu: hiki usikisome. Nikauweka kwa vyote. Mashine ya kukagua ikapita, haikukuta kitufe kibovu hata kimoja, kwa sababu haikukuta kitufe.

Mia kwa mia!

Nikapigiwa makofi. Mhandisi, bosi wetu, akanipa mkataba wa kudumu, wa kwanza katika ukoo wetu. Na kwenye ripoti ya majaribio, pale panapotakiwa jina la mtu asiyeona aliyeijaribu programu, nikaandika: Ermelinda Queirós, miaka sabini na minne, ameridhika. Namba ya simu nikaweka yake, na tarehe ya siku ambayo kweli tulikuwa pamoja, ili uongo uwe na chumvi kidogo ya ukweli.

Hakuijaribu. Hata kumwambia sikumwambia.

Haya. Sasa kaeni vizuri.

Ijumaa asubuhi Hélder akarudi kutoka Algarve, pua imebabuka jua, anachechemea na viatu vya pwani.

"Mia kwa mia?" Hata salamu hamna. "Wewe? Peke yako?"

"Kwani ulidhani chuoni nilikwenda kupiga picha?"

"Chuo cha Braga? Watu wanakwenda Braga kusali. Wanaobaki wanapiga picha."

Akavuta kiti, akafungua kazi yangu. Anasoma, anatabasamu. Halafu lile tabasamu likabaki usoni lenyewe, kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni.

"Telma. Vitufe vyangu umevifanyaje?"

"Nimevirekebisha."

"Umevizika."

Nikacheka. Mimi nikiogopa hucheka, ndivyo nilivyoumbwa.

Akashusha sauti. "Sikiliza wewe mwehu. Asiyeona akifungua hii, kikapu hakuna. Kuongeza hakuna. Kuthibitisha hakuna. Anasomewa bei ya dawa, halafu kimya."

"Mbona hata ya zamani ilikuwa mbovu!"

"Ya zamani ilikuwa mbovu. Hii haipo."

"Basi turudishe ya zamani."

"Kesho sheria inaanza, na sisi leo turudishe makosa mia mbili na kumi na manne? Mhandisi atatuchoma kwa makaa yaliyobaki ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane."

"Si urekebishe wewe! Vitufe si vyako?"

Hapo ndipo nilipomshika pabaya. Akatazama huku na huku.

"Kuvirekebisha ni wiki mbili," akasema. "Na nikianza kugusa, Mhandisi atauliza vilikuwa vibovu tangu lini, na aliyevitengeneza nani. Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi ni wewe. Mimi bado niko likizo."

Akaenda kunywa kahawa. Toleo jipya lilikwisha kutoka tangu Alhamisi. Simu zinazojisasisha zenyewe zilikwisha kulipokea, kimyakimya, wenyewe wamelala.

Na simu ya Mama Linda ni mojawapo. Niliyeiweka ijisasishe ni mimi, Krismasi, nikamwambia, "Hii hutahangaika tena."

Sasa lazima niwape Mama Linda wangu, maana bila kumjua hamtaelewa kilichoniua.

Mama Linda ndiye huyo Ermelinda wa kwenye ripoti. Anaishi peke yake ghorofa ya pili, mtaa wa Bonfim, tangu mumewe afariki. Alikuwa mpokea simu hospitalini miaka thelathini, macho hana, masikio anayo ya watu wanne. Ukimpigia hujataja jina, ameshakwambia una mafua.

Na mji mzima unamwogopa kwa kitu kimoja: Kitabu cha Malalamiko. Kila duka lazima liwe nacho, si tunajua, lakini wengi wetu tunanung'unika tu tunaondoka. Yeye hapana. Mkate wa jana umeuzwa kama wa leo? "Naomba Kitabu." Basi limempita kituoni? "Naomba Kitabu." Anamwamuru karani amwandikie maneno yake neno kwa neno, halafu anataka asomewe.

Hata paroko aliwahi kumwambia, "Bi Ermelinda, kanisa halina Kitabu."

Akamjibu, "Ndiyo maana mahubiri hayaishi."

Ana mtoto mmoja, Fausto, fundi ujenzi, yuko Luksemburgi mwaka wa kumi na nane huu. Mwaka huu alikuja kwa sikukuu ya Mtakatifu Yohane, Jumanne ile, na chini ya sahani ya samaki wa kuchoma alikuwa ameficha jambo.

"Mama, nimepata nafasi kwenye nyumba ya wazee. Gondomar. Kuna watu wanasubiri miaka mitatu, wewe nimekupatia. Wanataka jibu Jumatatu."

"Wape jibu leo. Hapana."

"Ukianguka humu ndani nani atajua?"

"Jirani wa chini. Atagonga dari kwa fagio kwamba napiga kelele."

Wakabishana mpaka viazi vikapoa. Mwisho Mama Linda akanyoosha mkono juu ya meza.

"Tufanye hivi. Jumamosi utakaa hapa, utanisikiliza nikijiagizia dawa zangu mwenyewe kwa simu yangu mwenyewe. Nikishindwa, nitaingia Gondomar kwa miguu yangu. Nikiweza, unirudie Krismasi na chokoleti, na mdomo umefungwa."

Fausto akampa mkono. "Nani shahidi?"

"Telma. Mtoto wa hizo programu."

Nami nikapiga makofi, jamani. Nilipiga makofi! Wakati ule nilikuwa sijajua kuogopa.

Jumamosi saa tano asubuhi nikapanda zile ngazi. Usiku kucha nilikuwa nimejiambia: labda simu haijajisasisha. Labda chaji iliisha.

Fausto alikuwa dirishani, ameinamia chungu cha mrehani wa sikukuu, pua ndani.

"Toa pua!" Mama Linda akapaza sauti kutoka kitini. "Umekaa na Waluksemburgi mpaka umesahau? Mrehani unaupapasa, halafu unanusa kiganja. Utauua!"

"Umejuaje?"

"Nimekusikia ukivuta pumzi kama ng'ombe. Kaa. Telma, mwanangu, njoo hapa kulia kwangu. Mbona mkono wako baridi?"

"Nimeshika chuma cha ngazi."

Uongo wa kwanza wa siku. Nilikuwa sijakaa hata kitini.

Akaweka simu mapajani. Alikuwa amevaa blauzi yake ya Pasaka. Ile sauti ya simu anaiendesha mbio, mtu wa kawaida hakamati hata neno, lakini siku hiyo akaipunguza, kwa heshima ya Fausto.

"Sikia sasa," akamwambia, kidole kinateleza kwenye kioo. "Matone yangu ya presha ya macho. Haya, jina. Bei. Halafu vinakuja vitufe. Hawajavipa majina, wavivu wale, lakini mimi nimevihesabu. Cha kwanza picha, cha pili sijui nini, cha tatu kikapu. Unakwenda hivyo hivyo kama punje za rozari. Cha saba, umethibitisha. Kila mwezi nafanya."

Mwenzenu nikasikia moyo unashuka mpaka kwenye soksi.

Kumbe alikuwa anahesabu! Ile "kitufe, kitufe, kitufe" yetu ya aibu, ile iliyoandikwa kosa na wakaguzi, yeye alikuwa ameigeuza njia. Alikuwa anapita.

Kidole kikateleza.

"Matone ya presha ya macho," ikasema simu. "Bei. Maelezo. Mwisho wa ukurasa."

Akasita. Akarudi juu.

"Matone ya presha ya macho. Bei. Maelezo. Mwisho wa ukurasa."

"Nimeruka," akasema. "Nimekwenda haraka, najionyesha."

Mara ya tatu. Mara ya nne. Kwenye mdomo wa juu jasho likaanza kumtoka.

"Mama, polepole," Fausto akasema.

"Usinipe polepole. Nipe nafasi."

"Lakini kitufe si hiki hapa? Nakiona! Kikubwa, cha kijani. Lete kidole." Akamshika mkono, akakiweka kidole cha mamake juu ya kikapu. "Bonyeza."

Akabonyeza. Kimya.

"Mara mbili, Mama, si ndivyo unavyofanya?"

Mara mbili. Kimya. Sauti ya simu ikiwa imewashwa, kitufe nilichokizika mimi hakishikiki hata ukipige nyundo. Nilijua hilo. Watu watatu chumbani, na mmoja anajua.

Fausto akanigeukia. "Telma, hebu wewe mtaalamu."

Nikaichukua ile simu. Na hapa, jamani, hapa ndipo ninapowaomba mnisamehe au msinisamehe, mtaamua wenyewe. Ningeweza kusema. Neno moja. Badala yake nikaizima ile sauti, nikabonyeza kikapu, nikabonyeza kuthibitisha, tiki ya kijani ikachomoza.

Kwa nini? Sijui. Nilitaka matone yake yaje. Nilitaka ule ukimya uishe.

"Imekubali," nikasema.

Fausto akaitazama simu, akaitazama tena. Chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na maandishi mapya, na yeye akayasoma kwa sauti, hana ubaya wowote:

"'Programu hii imekaguliwa. Inatumika na watu wote, wakiwemo wasioona.'" Akamshika mamake bega. "Si unaona, Mama. Simu nzima. Programu nzima."

Aliyasema kwa upole. Afadhali angefoka.

Nikasubiri. Nikasema moyoni, sasa atanyanyua kidevu, atasema, naomba Kitabu. Nilikuwa nalisubiri lile neno kama mvua.

Mama Linda akapapasa blauzi yake, akafunga kifungo kilichokuwa kimefungwa tayari.

"Labda nimehesabu vibaya," akasema.

"Hujahesabu vibaya!" Likanitoka lenyewe.

Wote wawili wakanigeukia.

"Kwa hiyo?" Fausto akauliza.

"Kwa hiyo... ni hili joto."

Joto! Eti joto. Nimesoma miaka mitatu nikaja kusema joto.

Nikashuka ngazi nne nne, nikampigia Mhandisi Abílio, bosi wetu. Alikuwa Matosinhos na familia, nasikia sahani na mawimbi.

"Binti, Jumamosi hii?"

Nikamwambia. Vitufe, ule mstari, mama yangu wa ubatizo, nyumba ya wazee. Karibu vyote nilimwambia. Ripoti tu ndiyo niliyoiacha.

Nikasikia mtu anamwuliza kama anataka limau.

"Kuna aliyelalamika?" akauliza.

"Ndiyo nakueleza, Mhandisi, ameshindwa mbele ya..."

"Nauliza kulalamika. Kwenye Kitabu, kwa jina lake, kwa maandishi."

"Bado."

"Mashine imetoa mia. Mteja ameshatangaza mia. Wewe unataka Jumatatu niwaambie tumejidanganya, kwa sababu ya bibi wa miaka sabini na ngapi kukosea kidole? Kitabu cha mteja ni cheupe kama hostia ya misa, binti. Siku kikiandikwa, sheria inatulazimisha kujibu, na nitajibu. Kisipoandikwa, kuna kazi nyingine inakusubiri mezani."

Akakata.

Nami nikaruka! Naapa, niliruka pale mlangoni, mpaka muuza matunda akashika mizani yake. Kwa sababu si ameniambia dawa mwenyewe? Malalamiko! Na nani katika Porto nzima amezaliwa kwa malalamiko?

Nikapanda ngazi nacheka. Fausto alikuwa ametoka nje kuvuta sigara. Mama Linda alikuwa palepale kitini, simu imezimwa.

"Mama Linda! Omba Kitabu!"

"Cha nani?"

"Cha duka la dawa. Kiko hata kwenye mtandao, nitakuandikia mimi, neno kwa neno, nitakusomea. Sema tu walichokufanyia!"

"Wamenifanyia nini?"

"Vitufe vimepotea!"

"Fausto amekiona kitufe. Wewe umekibonyeza. Umeniambia imekubali."

"Ndiyo, lakini..."

"Lakini joto." Akatabasamu, lile tabasamu la kumpa mtoto peremende. "Mwanangu, mimi nimelalamika maisha yangu yote kwa sababu nilikuwa na hakika. Siku ya basi nilikuwa na hakika. Siku ya mkate nilikuwa na hakika. Leo sina hakika na kidole changu mwenyewe. Nikamwandikie nani? Kitabu si cha kumlalamikia Mungu."

"Jaribu tu! Mstari mmoja!"

"Na wakinijibu kwa heshima kwamba programu nzima ila mimi ndiye mbovu? Wanisomee hilo nalo?"

Wasomaji wangu, nilipiga magoti. Yeye akadhani nimedondosha kitu, akainua miguu nitafute.

Jumapili baada ya misa alinipigia. Hakusalimia.

"Thelathini na moja," akasema.

"Nini, Mama?"

"Mara nilizojaribu tangu asubuhi. Nilitaka tu ujue sikukata tamaa upesi."

Jumatatu nilipofika, saa mbili asubuhi, sanduku lilikuwa limesimama mlangoni. Moja. Miaka hamsini ya nyumba, sanduku moja. Mrehani ulikuwa umeshapelekwa kwa jirani wa chini, yule wa fagio. Fausto alikuwa chini anatafuta mahali pa kusogezea gari. Gondomar walitaka jibu kabla ya adhuhuri, na jibu lilikuwa hilo sanduku.

Mama Linda alikuwa amekaa kwenye kiti chake, koti mwilini, Juni yote ile.

"Funga mlango, Telma. Fausto hajafika ngazini."

Nikafunga. Nikasimama mbele yake.

"Nina swali moja. Ukinijibu sikuulizi tena. Wewe ndiye unayejua haya mambo, na wewe huwezi kunidanganya, nimekushika juu ya maji ya ubatizo." Akainua vidole saba, akaviangalia kana kwamba anaviona. "Vitufe vyangu saba. Mwezi uliopita nilivihesabu. Na mwezi wa kabla. Niambie kweli. Vilikuwepo? Au nimeanza kuota mchana?"

Jamani.

Nikisema vilikuwepo, swali linalofuata ni moja tu: nani kavitoa? Na nikijibu hilo, linafuata la ripoti. Na la jina lake kwenye ripoti. Nikauona ule mkataba wa kudumu ambao mama yangu mzazi ameuweka kwenye fremu, karibu na picha ya Bikira wa Fátima.

"Sijui, Mama Linda," nikasema. "Mimi sikuwahi kuvisikia."

Hakulia. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa majibu ya daktari ambayo yeye mwenyewe alishayajua.

"Basi niende," akasema. "Kichwa kikianza kutunga vitufe, ni wakati."

Akaanza kuvaa glovu. Simu ikaita mapajani mwake.

Ile sauti ikamsomea namba, tarakimu kwa tarakimu, mbio mbio. Hakuijua. Akapokea kama anavyopokea siku zote, spika wazi, mgongo umenyooka, mpokea simu wa hospitali.

"Habari za asubuhi, niambie."

"Bi Ermelinda Queirós?" Sauti ya mwanamke, kijana, ya adabu. "Samahani kwa usumbufu. Napiga kutoka ofisi inayokagua programu za simu. Namba yako tumeipata kwenye ripoti ya majaribio. Ni uthibitisho mdogo tu wa tarehe."

"Ripoti gani, binti?"

"Ya programu ya duka la dawa. Imeandikwa uliijaribu Alhamisi, tarehe kumi na tisa Juni, ofisini kwao. Tukashangaa, maana siku ile ilikuwa sikukuu ya Mwili wa Kristo, ofisi zimefungwa."

Sikukuu. Nilikuwa nimechagua siku tuliyokuwa pamoja, na nikasahau kwa nini tulikuwa pamoja.

"Siku ile nilikuwa kwenye maandamano ya Ekaristi," Mama Linda akasema, taratibu, kama anayepanda ngazi asizozijua. "Nilibeba mshumaa. Telma alinishika mkono."

"Kwa hiyo programu hukuijaribu?"

"Imeandikwa nilijaribu nini?"

Karatasi zikachakarika. "Vitufe kumi na vinne. Imeandikwa vyote ulivisikia, na umeridhika. Mwandishi wa ripoti ni..."

"Kumi na vinne," Mama Linda akarudia. Glovu ya mkono mmoja ilikuwa bado inaning'inia. "Kwa hiyo vilikuwepo."

"Bi Ermelinda? Uko kwenye laini?"

"Subiri kidogo, binti."

Akaweka simu magotini. Akainua uso, akaugeuza kushoto, kulia, akitega yale masikio yake ya watu wanne.

"Telma?"

Nilikuwa hatua mbili mbele yake, mgongo mlangoni. Nikabana pumzi.

"Telma, mwanangu. Uko wapi?"

Akanyoosha mkono hewani, ule usio na glovu, akaupitisha polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nikajibana kwenye ubao wa mlango, usinifikie.

Na nyuma ya mgongo wangu, ngazini, nikasikia viatu vya Fausto vinapanda kuja kuchukua sanduku. Fausto anaona.